Jua ni Lile Lile: Tumsome Mwingereza kwa Mbingu Yake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Methali hii inatufaa sana sisi wanafunzi wa fasihi kila tunapokutana na Mwingereza kwenye kurasa za vitabu na kumkuta akilalamikia mvua, akihesabu siku zilizosalia kabla ya likizo yake, au akiuanika mwili wake juani kana kwamba ni samaki wa kukaushwa. Jibu letu la kwanza huwa kicheko. Katika semina, katika insha na hata katika hadithi fupi tunazozitunga, Mwingereza wa aina hiyo amekuwa kikaragosi: mtu asiye na la kusema ila hali ya hewa, na asiye na la kufanya ila kustarehe. Maoni yangu ni kwamba kicheko hicho kinatugharimu. Kinatufanya tutafsiri vibaya, tuhakiki vibaya na tuumbe wahusika bapa, kwa sababu tunaisoma mbingu ya Mwingereza kwa macho yaliyoizoea mbingu yetu. Nanuia kuonyesha hapa kwamba mambo haya matatu, yaani hali ya hewa, safari na likizo, yameshikamana katika historia ya Waingereza, na kwamba asiyeijua historia hiyo hana budi kuyakosea maandishi yao.

Salamu ya mawingu

Tuanze na mazungumzo yenyewe. Mwaka 1758 Samuel Johnson, yule mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza, alikwisha kubainisha katika mojawapo ya insha zake kwamba Waingereza wawili wakikutana, neno lao la kwanza ni juu ya hali ya hewa. Zaidi ya miaka 240 baadaye, mwanaanthropolojia Kate Fox alichapisha kitabu Watching the English (2004), akaonyesha kwamba mazungumzo hayo yana kanuni zake. Kanuni kuu ni kukubaliana. Anayeambiwa kwamba leo kuna baridi hatarajiwi kubisha wala kutaja takwimu za kipimajoto. Anatarajiwa kuafiki, ili mlango wa mazungumzo ufunguke.

Sisi tuliosoma isimujamii hatuna haki ya kulishangaa jambo hili. Bronislaw Malinowski alilieleza mwaka 1923, aliposema kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kupasha habari bali kuwaunganisha watu. Nani miongoni mwetu aliyeulizwa "Habari za nyumbani?" akaanza kueleza karo isiyolipwa na ng'ombe aliyekufa? Hujibu "Nzuri", hata kama nzuri yenyewe ingali njiani. Anayeamkiwa "Hujambo" hujibu "Sijambo" hata akiwa na mambo mazito moyoni, na "Shikamoo" haina jibu jingine ila "Marahaba". Mwingereza hana shikamoo. Amelelewa katika utamaduni unaohesabu kwamba kumwuliza mtu usiyemjua habari za mke, watoto na mifugo ni kuingilia faragha yake. Amebakiwa na kitu kimoja ambacho ni mali ya wote na hakimwaibishi yeyote, nacho ni mbingu. Kwa hiyo anapotaja mvua, aghalabu anaamkia.

George Bernard Shaw, mwandishi aliyezaliwa Ireland, alilitambua hili vyema katika tamthilia yake Pygmalion, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Eliza, muuza maua wa mitaani aliyefundishwa matamshi ya tabaka la juu, anapopelekwa kwenye kikao cha mabibi na mabwana anaagizwa asivuke mada mbili tu: hali ya hewa na afya ya watu. Anaitamka hali ya hewa kama mtu asomaye taarifa ya utabiri gazetini, na hapo anavuka salama. Anapoingia kwenye afya ndipo mambo yanapoharibika, kwani anasimulia kifo cha shangazi yake kwa lugha ya mtaani. Mwanafunzi anayeiona sehemu hiyo kuwa kichekesho tu hajaona mpaka wa kitabaka ambao Shaw anauchora. Hali ya hewa ni salamu, na anayeishia kwenye salamu hajulikani alikotoka.

Mbingu isiyoaminika

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba salamu hii ilichaguliwa kwa bahati. Visiwa vya Uingereza viko ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, mahali ambapo hewa baridi kutoka upande wa ncha ya kaskazini hukutana na hewa yenye joto itokayo kusini. Siku moja yaweza kuleta jua, manyunyu, upepo mkali na jua tena kabla ya chakula cha jioni. Sisi tumezoea mbingu yenye ratiba. Mkulima wa Kitale anajua masika huanza lini, na akichelewa kupanda anajilaumu mwenyewe. Mvuvi wa Lamu anazijua pepo zake: Kaskazi inayovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na Kusi inayofuata baadaye. Mbingu yetu inapokosa kufuata ratiba hiyo tunasema kuna balaa. Kwa Mwingereza, kukosa ratiba ndiyo kawaida, na jambo lisilotabirika halikosi wa kulizungumza.

Zaidi ya hayo, mbingu hiyo imewaua watu wengi. Mnamo Oktoba 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjwa na dhoruba kwenye pwani ya Anglesey, wakafa zaidi ya watu 400. Aliyeguswa sana na msiba huo ni Robert FitzRoy, nahodha aliyekuwa amemzungusha Charles Darwin duniani kwa meli ya Beagle, na ambaye tangu mwaka 1854 alikuwa akiongoza idara changa ya serikali ya hali ya hewa. FitzRoy alianzisha maonyo ya dhoruba bandarini, na tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likachapisha utabiri wa kwanza wa hali ya hewa kwa umma. Utabiri ulipokosea alidhihakiwa hadharani. Mwaka 1865 alijiua. Ilichukua muda mrefu kabla hajaheshimiwa ipasavyo: mwaka 2002 eneo moja la bahari katika utabiri wa mabaharia, lililokuwa likiitwa Finisterre, lilipewa jina lake.

Utabiri huo wa mabaharia, unaosomwa na redio ya BBC, unastahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa fasihi simulizi. Una maeneo 31 ya bahari yanayotajwa kwa mpangilio usiobadilika, kwa sentensi fupi zilizopunguzwa hadi mifupa. Umewavutia hata watu wasiomiliki mtumbwi, ambao huusikiliza kitandani kama bembelezi. Jamii ambayo inaliwazwa na majina ya pepo na bahari haituhusu? La hasha! Ni jamii ya mabaharia, na sisi ambao lugha yetu ilisafirishwa na majahazi yaliyokuja na Kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba na kurudi na Kusi tungekuwa wa kwanza kuielewa.

Mifano ya karibuni haikosekani. Mnamo Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa uliifunika London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu, hali iliyosababisha kutungwa kwa sheria ya hewa safi mwaka 1956. Mwaka 1976 ukame uliwabana Waingereza hata serikali ikamteua Denis Howell kuwa waziri wa kushughulikia ukame. Siku chache baadaye mvua ikanyesha, na tangu hapo kisa hicho husimuliwa kwa kicheko. Oktoba 1987 dhoruba iliyovuma usiku iliua watu 18 nchini humo na kung'oa miti ipatayo milioni 15. Na tarehe 19 Julai 2022 kipimajoto cha Coningsby kilifika nyuzi 40.3, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa Uingereza. Mtu wa Lodwar au Garissa anaweza kutabasamu asikiapo hivyo. Akumbuke, hata hivyo, kwamba nyumba za huko zilijengwa ili kuhifadhi joto, si kulifukuza.

Likizo ilipiganiwa

Sasa tuingie katika likizo. Neno wanalolitumia Waingereza kwa likizo linatokana na maneno mawili yenye maana ya "siku takatifu". Sisi tunatenganisha sikukuu na likizo. Wao wamezivisha vazi moja. Ushahidi wa kifasihi uko mwanzoni kabisa mwa Canterbury Tales ya Geoffrey Chaucer, iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 14. Humo mvua za Aprili zinapoumaliza ukavu wa Machi, watu wanashikwa na hamu ya kusafiri kwenda kuhiji. Hali ya hewa, siku takatifu na safari zimeshikamana tangu hapo. Ikiwa kuna mwanafunzi anayedhani kwamba mambo haya ni upuuzi wa kisasa, basi na aanzie hapo.

Katika karne ya 17 na ya 18 safari ya starehe ilikuwa ya vijana wa kikabaila, waliopelekwa Paris, Venice na Roma ili wakamilishe elimu yao. Pwani za Uingereza nazo zilianza kupata umaarufu kwa sababu ya matibabu: katikati ya karne ya 18 daktari Richard Russell alisifu maji ya bahari kuwa dawa, na kijiji cha wavuvi kilichokuja kuitwa Brighton kikafurika wagonjwa wenye fedha. Mfanyakazi wa kawaida hakuwa na nafasi katika hadithi hiyo mpaka reli ilipokuja. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, mhubiri aliyepinga ulevi, aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa garimoshi kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mtu, waende kwenye mkutano wa kuacha pombe. Kutoka kwenye safari hiyo fupi ilichipuka kampuni ya utalii iliyodumu hadi ilipofilisika tarehe 23 Septemba 2019, ikiwaacha wateja wapatao 150,000 wa Uingereza ng'ambo wakisubiri kurudishwa kwao.

Si kila mtu aliyefurahia wafanyakazi kusafiri. Mwaka 1844 mshairi William Wordsworth, ambaye tunamsoma kama mpenzi wa maumbile, alipinga hadharani ujenzi wa reli ya kuelekea Windermere, katika eneo la maziwa alikoishi. Alihofia kwamba umati kutoka miji ya viwanda ungeharibu utulivu wa mahali pale, na alishuku kama watu wasioandaliwa kwa elimu wangenufaika na mandhari hayo. Hapa mhakiki hana budi kusita. Je, maumbile anayoyaimba Wordsworth ni ya nani? Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu anayedhani kwamba safari ya mapumziko ni jambo dogo.

Sheria zilifuata polepole. Mwaka 1871 mbunge John Lubbock alifanikisha Sheria ya Siku za Mapumziko ya Benki, iliyotoa Jumatatu ya kwanza ya Agosti kuwa mojawapo ya siku za kupumzika nchini Uingereza. Katika miji ya pamba ya Lancashire, kila mji ulivifunga viwanda vyake kwa wiki moja kwa zamu, na mitaa mizima ikahamia Blackpool kwa garimoshi. Majirani wa nyumbani wakawa majirani ufuoni. Wiki hizo kwa muda mrefu hazikuwa na mshahara. Wafanyakazi walichanga senti mwaka mzima katika vyama vyao vya akiba ili wazitumie kwa siku saba. Baada ya madai ya miaka mingi ya vyama vya wafanyakazi, Sheria ya Likizo yenye Malipo ya mwaka 1938 iliwafungulia mamilioni ya watu njia ya kupata wiki moja ya likizo huku wakilipwa. Billy Butlin alikuwa amekwisha kuifungua kambi yake ya likizo huko Skegness mwaka 1936. Ni mwaka 1998 tu, ndugu msomaji, ndipo kanuni za saa za kazi zilipowapa takriban wafanyakazi wote haki ya kisheria ya likizo yenye malipo, ambayo tangu mwaka 2009 imefikia siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki.

Sasa tutazame wiki hiyo moja ya mfuma nguo wa Lancashire. Amefanya kazi wiki 51 katika kelele na vumbi. Amehifadhi akiba. Amefika ufuoni, na mvua inanyesha. Atafanya nini? Ataketi kwenye kiti chake akiwa na koti la mvua, atakula sandwichi zake zilizochanganyika na mchanga, na atasema kwamba huenda kukapambazuka baadaye. Tunayemwona kuwa mjinga ni mtu anayekataa kunyang'anywa siku alizozilipia. Ucheshi wa Waingereza juu ya hali ya hewa, ule wa kujikejeli na kuvumilia, ulikomazwa katika fuo za namna hiyo.

Ndiyo maana ndege zilipopatikana hawakusita. Mwaka 1950 Vladimir Raitz, kupitia kampuni yake Horizon, aliwapeleka wateja Calvi katika kisiwa cha Corsica, wakalala kwenye mahema, nauli na malazi na chakula vikiwa katika bei moja. Hispania ikafuata kwa ukubwa usiokuwa na kifani. Hata serikali ilipoweka kikomo cha pauni 50 za kutumia ng'ambo mwaka 1966, ili kuilinda sarafu yake, safari hazikukoma. Msafiri alikuwa akinunua kitu ambacho hakikupatikana Blackpool kwa bei yoyote, nacho ni uhakika wa jua.

Jua lile lile

Jua hilo lina historia inayotugusa sisi moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza aliyekuja Afrika Mashariki aliliogopa jua kama sumu. Alivaa helmeti nene, na wengine walijifunga kitambaa kizito mgongoni ili kuukinga uti wa mgongo, wakiamini kwamba miale ya jua la tropiki huharibu neva. Pwani ilihesabiwa kuwa makao ya homa. Nyanda za juu, kinyume chake, zilisifiwa kwa hewa yake iliyofanana na ya kwao. Sifa hizo hazikuishia kwenye barua na vitabu vya safari. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna kuanzia mwaka 1900 hadi 1904, aliwahimiza walowezi waje. Tangazo moja maarufu la Reli ya Uganda likazinadi nyanda hizo kuwa makao ya makabaila wakati wa majira ya baridi. Na mwaka 1939 amri rasmi kutoka Uingereza ikaweka mipaka ya ardhi iliyotengewa Wazungu. Mtazamo wa hali ya hewa ukawa hati ya kumiliki ardhi, na waliofukuzwa mashambani mwao walilipa gharama ya hewa nzuri.

Baadaye fasheni ikapinduka. Wakati watu wengi wa Uingereza walipokuwa wakilima mashambani, ngozi nyeupe isiyochomwa na jua ilikuwa alama ya bibi asiyefanya kazi. Walipohamia viwandani, migodini na ofisini, weupe ukawa alama ya mtu asiye na nafasi ya kutoka nje, na kati ya miaka ya 1920 na 1930 ngozi iliyobadilishwa na jua ikawa dalili ya afya na uwezo wa kusafiri. Madaktari nao waliliunga mkono jua kwa kutibu matege na kifua kikuu. Kwa hiyo, katika miaka ya 1970 na 1980, ndege za kukodi zilipoanza kutua Mombasa kwa wingi, mjukuu wa yule aliyevaa helmeti alilala karibu uchi kwenye mchanga wa Diani. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi, mavazi na sheria za watu waliolijia. Aidha, tazama majira yenyewe: wageni hao hufurika kati ya Desemba na Machi, wakikimbia majira ambayo jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Huo ndio wakati wa Kaskazi, wakati ule ule ambao majahazi ya kale yalitia nanga.

Yatokanayo katika tafsiri

Je, haya yana maana gani kwetu? Kwanza, yanahusu tafsiri. S. S. Mushi alipoitafsiri The Tempest ya Shakespeare mwaka 1969 na kuiita Tufani, alipata neno lililokomaa, kwa kuwa bahari ni bahari na tufani tunayo. Ugumu huja palipo na majira. Shakespeare, katika soneti yake ya 18, anampima mpenzi wake kwa siku ya majira ya joto. Mfasiri akiandika "kiangazi", msomaji wa Kitui ataona vumbi, mito iliyokauka na mizoga ya ng'ombe, na atashangaa ni mapenzi gani hayo. Sifa imegeuka kuwa tusi. Mimi naona kwamba katika shairi hilo demani ingefaa zaidi, yaani kile kipindi kifupi cha pwani ambapo Kusi imelegea, bahari imetulia na joto halijakuwa kali. Demani, kama majira ya joto ya Uingereza, hupendwa kwa sababu haidumu, na ufupi huo ndio shairi linalouhitaji.

Katika riwaya nisingefanya hivyo. Riwaya inahitaji mahali pake. Bleak House ya Charles Dickens, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1852 na 1853, inaanza kwa tope na ukungu wa Novemba jijini London, na ukungu huo unakuwa taswira ya mahakama inayowapoteza watu katika kesi zisizokwisha. Msomaji anayeujua ukungu wa Limuru, uliotanda juu ya majani chai, anaweza kuuona kuwa pambo. Mfasiri au mwalimu anawajibika kumwonyesha kwamba huu una moshi wa makaa ndani yake na unaziba pumzi. Kadhalika, msomaji akikutana na sentensi isemayo kwamba ilikuwa saa tatu usiku na jua bado linaonekana, asidhani mpigachapa amekosea. Mwezi wa Juni huko London ndivyo ilivyo, na neno "usiku" linahitaji kufikiriwa upya kabla ya kuandikwa.

Mtalii kama mhusika

Pili, yanahusu wahusika wetu. Mtalii wa Kizungu katika tungo zetu nyingi za vyuoni ni mfuko wa fedha wenye kaptura. Atakayepinga hoja yangu atasema kwamba mtalii huyo amejitakia. Ni kweli kwamba wako Waingereza waliokwenda Benidorm kutafuta jua bila Hispania, wakitaka chai, baa na chakula cha asubuhi vya kwao. Ni kweli pia kwamba tarehe 20 Aprili 2024 wenyeji wa Visiwa vya Canary waliandamana kwa maelfu kupinga utalii unaowapandishia kodi za nyumba. Wapwani wetu wanaoona fuo zikizungushiwa ua wana malalamiko yanayofanana na hayo. Sisemi mtalii asishutumiwe. Nasema ashutumiwe akiwa mtu kamili. Yule anayejianika Diani huenda ni dereva wa basi au muuguzi aliyeweka akiba miezi mingi, na haki ya kuwa pale ilidaiwa na babu zake katika viwanda vya pamba. Mwandishi akilijua hilo, atamwandikia mazungumzo yenye uzito na yule mhudumu anayemletea kinywaji.

Mhudumu huyo naye ana haki. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo baada ya kila miezi 12. Lakini ni mara ngapi tumekutana katika fasihi ya Kiswahili na mhusika mfanyakazi aliye likizoni kwa ajili ya kupumzika tu? Wahusika wetu husafiri kutafuta kazi, kukimbia vita, kwenda masomoni au kuzika. Lugha hii ndiyo iliyowapa Waingereza neno "safari" katika karne ya 19, nao wakalipunguza mpaka likawa kutazama na kuwinda wanyama. Kwetu safari ingali safari yoyote, pamoja na ile ya mtu anayekwenda kuketi ufuoni kwa siku tatu bila kazi. Hiyo bado tunasita kuiandika, kana kwamba mapumziko ni mali ya wageni.

Kwa wahadhiri wetu, pendekezo langu ni kwamba matini yoyote ya Kiingereza tunayoilinganisha na ya Kiswahili isomwe pamoja na kalenda ya majira ya mahali ilikotungwa na sheria za kazi za wakati wake. Kwa wanafunzi wenzangu, napendekeza kwamba atakayetunga hadithi ya mtalii mwaka huu amtafutie kwanza kazi aliyoiacha nyumbani, mshahara wake na siku ngapi alizoruhusiwa. Kisha afanye vivyo hivyo kwa mhudumu wa hoteli. Baada ya hapo, mvua ikinyesha katika hadithi hiyo, itakuwa imenyesha juu ya watu wawili.